Binti yangu aliniita mara tatu sikuinua uso. Naomba ushauri

Mama Swabra, Bwaise

Wanajamvi, wakubwa shikamooni, wadogo nawasalimu. Naomba mnisome hadi mwisho.

Nauza vitenge na madera. Duka sina, duka langu ni simu. Napiga picha, naweka kwenye statasi ya WhatsApp, mteja akipenda anatuma pesa kwa simu, boda anapeleka mzigo. Baba watoto ni dereva wa trela, Mombasa, Malaba, Kampala, wiki inaisha hajalala nyumbani. Ada, kodi na mkaa, mara nyingi vinatoka kwenye simu hii hii.

Jumamosi iliyopita binti yangu wa miaka 8 alipata kwa jirani ile katuni ya WALL-E, ya Pixar, iliyotoka mwaka 2008. Roboti mdogo ameachwa peke yake duniani akishindilia takataka, binadamu walishakimbilia kwenye meli ya angani, na sasa ni miaka 700. Tukakaa mkekani tuangalie pamoja. Yaani yeye aliangalia. Mimi nilikuwa na mteja wa Jinja anataka kijani, si hiki, kile kingine. Swabra akanigusa kiwiko: "Mama, anamshika mkono." Nikasema ehe. Akanigusa tena. Nikasema naona, mwanangu. Mara ya tatu hakusema kitu. Aliondoa mkono wake akajisogeza upande wa ukutani.

Usiku watoto wamelala nikaitafuta ile sehemu. EVE, yule roboti wa kike, amejizima, hasikii wala haoni. Yule mdogo amekaa naye tu. Mvua inanyesha, amemshikia mwavuli. Anajaribu kuingiza vidole vyake kwenye mkono wake, na hajibiwi. Nikaendelea hadi kwenye meli: watu wamenenepa kwenye viti vinavyoelea, kila mmoja ana kioo mbele ya uso, wawili wako bega kwa bega lakini wanazungumza kupitia kioo. Nililia, ndugu zangu.

Nikiweka simu chini, mteja anakwenda kwa mwingine. Nisipoiweka, mtoto anazoea kunyamaza. Nifanyeje?

Mzee wa Tororo

Marahaba mwanangu. Nimefundisha miaka mingi, nimeona watoto walionyamaza, na wako bado hajafika huko. Aliyekugusa mara tatu bado anakutaka.

Ninaloweza kukusaidia ni hili. Wape wateja saa za duka. Hata duka la kwenye kona hufungwa. Andika kwenye statasi: kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa mbili usiku sijibu, oda zote nitazijibu baada ya hapo. Ile WhatsApp ya biashara ina sehemu ya kuweka ujumbe unaojibu wenyewe usipokuwepo. Itumie. Mteja akijua utarudi saa ngapi, wengi wao watasubiri.

Boda wa Kyebando

Dada, mimi naongea kwa niaba ya sisi tuliokwisha kupotea. Nilianza kuendesha nikiijua Kampala kwa alama: kata kwenye mwembe, pita msikiti, shuka hadi kwenye mashine ya kusaga. Ikaja programu ya ramani, sauti sikioni inaniambia kata kushoto, nikaacha kuangalia. Januari 2021, intaneti ilipozimwa nchi nzima wakati wa uchaguzi, nilibeba abiria wa Najjera. Njia nimeipita mwaka mzima. Nilifika njia panda nikasimama, siijui. Abiria mwenyewe ndiye aliyenielekeza, na alikuwa mgeni kutoka Gulu.

Tangu hapo Jumapili naendesha bila ramani. Anza na siku moja.

Nakato

Mimi sikubaliani na kujilaumu hivi. Mama yangu hakuwa na simu. Alikuwa na jembe, na tangu alfajiri alikuwa ameinamia mihogo, tukimwita haitiki. Tulikula kwa sababu aliinama. Dada, ada ya Swabra inatoka wapi? Usije ukamfundisha mtoto kwamba kazi ya mama ni kosa.

Halafu tuisome filamu vizuri. Anayewafundisha watu kushikana mikono ni nani? Ni mashine. Na nahodha wa meli anaijuaje dunia? Anaiuliza kompyuta: bahari ni nini, kucheza ngoma ni nini, anauliza usiku kucha. Kile kifaa kilichomkatalia kurudi nyumbani kilikuwa kinashika amri iliyotolewa na binadamu wenyewe karne nyingi nyuma. Tatizo la wale watu ni kwamba walikuwa wameacha kuuliza.

Mama Swabra

Nakato, hilo la mihogo limenigusa, asante. Lakini mama yako ulimwona anachofanya. Swabra hajui kama nauza au nacheka na watu. Anachokiona ni kisogo cha simu tu.

Nakato

Basi hapo umenishinda. Mwonyeshe. Mkalishe kando yako akuchagulie picha ya kupandisha.

Jirani wa Kiteezi

Naomba niongeze jambo ambalo hamjaligusa. Ile minara ya takataka mwanzoni mwa filamu, sisi huku si katuni. Tarehe 10 Agosti 2024 jalala la Kiteezi liliporomoka juu ya nyumba za watu, wakafa zaidi ya 30. Nina jirani anayeokota chupa. Akikuta kitu kizima, kikombe, gari la mtoto, anakipangusa kwa shati anakiweka kando, hakiuzi. Nilipomwona WALL-E akijiwekea vitu vyake kwenye rafu nilimwona yeye. Mama Swabra, mwanao akiuliza kama yapo kweli, usimwambie ni hadithi.

Mama Swabra

Narudi baada ya siku tisa. Saa za duka nimeweka. Mteja wa Jinja amekwenda kwa mwingine, na aliniambia hivyo wazi. Wengine wamebaki. Swabra sasa ndiye anayechagua kitenge cha kwanza cha asubuhi, na kile alichochagua Jumanne, cha manjano chenye samaki, kiliisha siku ile ile.

Jana tumeirudia filamu, simu iko kabatini. Mwanzo wote ule hawasemi, basi Swabra akafanya kama VJ wa kibandani, anawatafsiria kwa sauti nzito: "Huyu anasema, njoo uone mmea wangu!" Hakunyamaza hadi mwisho. Tulipofika kwenye mwavuli alinigusa kiwiko mara moja tu.

Mzee wa Tororo, ule ujumbe unaojibu wenyewe bado haujakubali kwangu. Nikishaandika maneno, nabonyeza wapi?