Tupeane uzoefu: waliowahi kupanda Slemish, mlima wa Mtakatifu Patrick

MtuwaRungwe: Habarini wakuu. Sisi tulioko Ayalandi ya Kaskazini kila tukikutana ni kazi na baridi tu, leo naomba tuongelee mlima. Slemish uko Antrim, ukitoka Ballymena unapita kijiji cha Broughshane halafu mashamba ya kondoo mpaka unauona umesimama peke yake. Ni mita 437 tu toka usawa wa bahari, na kile kipande unachopanda ni kama mita 180 hivi, kwa sisi tuliokulia Rungwe hicho ni kilima. Lakini kina wima wake jamani! Ni volkano iliyokufa zamani sana, magma iliganda ndani kwenye tundu lake ikawa jiwe gumu, ile miamba laini ya pembeni ikaliwa na barafu na mvua, jiwe likabaki.

Mapokeo yanasema hapa ndipo Patrick, yule mtakatifu aliyekuja kuhubiri Ukristo Ayalandi, aliyetekwa na maharamia kule Uingereza akiwa kijana wa miaka 16, alichungishwa mifugo ya bwana mmoja aitwaye Milchu kwa miaka 6 mpaka alipotoroka. Kila tarehe 17 Machi, sikukuu yake, watu wanaupanda kwa ajili yake, wengine na watoto mgongoni. Mimi nilienda siku hiyo na wenzangu wa kazini, upepo wa kule juu ulikuwa unakusukuma kabisa ukisimama, ikabidi tukae nyuma ya mwamba ndo tunywe chai. Waliopanda leteni zenu.

Mama Tunu: Kaka umenikumbusha. Mimi nitaongelea mawe maana ndo yanaangusha watu. Mwanzo ni majani na matope, halafu katikati yanaanza mawe na ukifika karibu na juu unashika kwa mikono, yale mawe yana ukungu wa kijani na mvua ikinyesha yanateleza mno. Shikilia jiwe lisilo na majani na utest kwanza kabla hujaweka uzito. Na kushuka ndo kazi zaidi kuliko kupanda, mwanangu wa darasa la pili alishuka kwa makalio ile sehemu yote na alifurahi kuliko siku zote. Vaeni buti zenye meno, koti la mvua hata kama jua linawaka, hali ya hewa ya kule inageuka ukiwa njiani.

Mzawa Bagamoyo: Nilipanda siku ya kawaida, hakuna watu, kondoo tu na kunguru wakubwa weusi wanazunguka kwenye miamba. Nimekulia Bagamoyo, misheni yetu ilianza 1868 kupokea watumwa waliokombolewa, hizo habari tumezisikia toka tuko wadogo. Kwa hiyo kwangu kule juu nilimuwaza yule kijana kabla hajawa mtakatifu wa mtu yeyote, katoto kameibwa kwao kanachunga mifugo ya mtu kwenye baridi ile, lugha haijui, mama hajui yuko wapi. Mwenyewe aliandika kwamba alikuwa anasali mara mia kwa siku na usiku karibu hivyo hivyo, kwenye theluji na mvua. Nilisali pale, nikawaombea na wa kwetu ambao hawakurudi.

Jirani wa Dublin: Dada hapo umenigusa. Naongeza tu kwa wanaopenda historia, Patrick katika maandishi yake hautaji Slemish hata kidogo, anataja msitu ulio karibu na bahari ya magharibi, ndo maana kuna wasomi wanasema alichunga upande wa Mayo, magharibi ya Ayalandi. Slemish imekuja kwenye masimulizi ya walioandika baada yake, ambao pia wanasema Milchu aliposikia mtumwa wake anarudi kuhubiri alijichoma ndani ya nyumba yake. Mimi naamini mapokeo ya watu yana uzito wake, watu wamepanda pale vizazi na vizazi.

Halafu MUHIMU kwa tulioko Dublin: kule Ayalandi ya Kaskazini ni Uingereza kiserikali. Mpakani hutaona geti wala askari, basi linapita tu, ila Mtanzania au Mkenya mwenye kibali cha Jamhuri ya Ayalandi peke yake bado anatakiwa awe na viza ya Uingereza. Msidanganyane kwenye hili.

Iten Boy: Wadau mimi ni Mkenya, nimesoma St Patrick's Iten, ile shule Brother Colm O'Connell alikuja kutoka Ayalandi 1976 na akafundisha wakimbiaji mpaka dunia ikatujua. Jina la Patrick nimelivaa kwa sweta miaka yote ya sekondari bila kujua huyo mtu alitembea wapi. Nilipofika juu Slemish kulikuwa clear, unaona ziwa la Lough Neagh upande mmoja na upande wa bahari unaona Scotland kabisa. Nikawapigia video call maboys wa form yetu, kila mtu akanyamaza kwanza halafu mmoja akaanza wimbo wa shule, tukaimba wote.

Mgeni Belfast: Asanteni sana. Sina gari, nafikaje?

Mama Tunu: Treni Belfast mpaka Ballymena mdogo wangu, halafu teksi, ni kama kilomita 10 hivi. Panga kabisa na dereva muda wa kukufuata, kupanda na kushuka ni saa moja mpaka mbili kwa mwendo wa taratibu. Choo kipo pale paking. Jumamosi nikiwa off niambie twende wote.