Tulitia dole gumba tupokee nauli, leo tunaambiwa tulikubali mitambo ya upepo

Ndugu zangu, nimenyamaza muda mrefu juu ya hii habari ya mitambo ya kuzalisha umeme wa upepo huku kwetu Karamoja, kaskazini mashariki mwa Uganda, upande wa Moroto, nikidhani wakubwa wataiweka sawa. Sasa basi. Anayetaka kuniita mpinga maendeleo aniite, ila asome kwanza mpaka mwisho.

Juzi tumeonyeshwa nakala ya makaratasi ambayo kampuni imepeleka wilayani. Nyuma kabisa, baada ya ramani na picha za watoto wanaocheka (picha za watoto hazikosi kamwe), kuna kiambatisho kinachoitwa ushahidi wa ridhaa ya jamii. Nikakimbilia hapo nione nani kakubali. Nikakuta majina yetu. Jina la mama yangu mkubwa, na pembeni dole gumba lake la wino wa buluu. Jina la jirani. Jina langu mimi mwenyewe na sahihi yangu. Karatasi yenyewe naijua! Ni orodha ya waliohudhuria ule mkutano wa chini ya mti karibu na shule, tuliyosaini ili tupewe soda na shilingi elfu kumi ya nauli. Safu ya mwisho bado inasomeka "kiasi kilichopokelewa": 10,000, 10,000, 10,000, mpaka chini. Kilichobadilika ni ukurasa wa juu tu. Umechapwa upya, unasema sisi tuliotajwa humo tumeelezwa mradi kikamilifu, tumeuelewa na tunauridhia.

Mama mkubwa hajui kusoma. Siku ile aliuliza swali moja tu: je, kisima mtachimba? Akajibiwa kitachimbwa. Nimetafuta hilo swali na hilo jibu ndani ya ripoti nzima, havimo. Dole gumba lake limo.

Halafu tazameni mkutano wenyewe ulivyopangwa. Uliitishwa Januari. Anayejua Karamoja anajua Januari ni nini: kiangazi kimekaza, ng'ombe wamekwenda magharibi kutafuta maji na nyasi, na vijana wako huko huko na ng'ombe. Waliobaki kwenye manyatta (maboma yetu) ni wazee, akina mama na watoto. Hao ndio walioitwa kusikiliza habari ya eneo la malisho, wakati wanaolichunga hawapo. Mvua iliporudi na ng'ombe wakarudi, vijana wakakuta bikoni (alama za mipaka) za saruji zimepandwa katikati ya njia ya mifugo, na nyingine pembeni ya miti ya akiriket, pale wazee wanapokaa kuchinja ng'ombe, kuomba na kuamua mambo ya kabila. Kijana wa kampuni, anajiita afisa uhusiano wa jamii, alipoulizwa akasema ramani yake inaonyesha pale ni "ardhi isiyotumika". Mzee mmoja akamuuliza taratibu: mwanangu, kanisa lenu siku ambayo si Jumapili nalo ni ardhi isiyotumika? Hakujibu.

Na msidhani madhara yanasubiri minara isimame. Kwa sasa kuna mlingoti mmoja tu mwembamba wa kupimia upepo, umefungwa kwa nyaya za chuma zilizotandazwa pande zote na kupigiliwa ardhini. Nyaya hizo mchana zinaonekana kwa shida, alfajiri hazionekani kabisa. Ng'ombe wa jirani yangu alijikwaa humo akiswagwa kwenda mtoni, mguu wa mbele ukachanika mpaka mfupa ukaonekana. Akachinjwa siku hiyo hiyo. Tukaenda kudai. Tukaambiwa tuandike barua. Barua ikaandikwa, ikagongwa muhuri wa LC1 (baraza la kijiji), ikapelekwa gombolola (kata). Jibu lililorudi ni kwamba mnyama "aliingia eneo la mradi". Eneo la mradi lipi? Mkataba haujasainiwa, fidia haijalipwa, hata leseni haijatoka, na tayari ng'ombe ni mvamizi kwenye malisho ya babu yake!

Tuje kwenye huo mkataba. Rasimu inataka ardhi kwa miaka 49. Mitambo ya upepo huhesabiwa maisha ya miaka 20 mpaka 25, si zaidi sana. Sasa hiyo miaka mingine zaidi ya ishirini ni ya nini? Mimi si mwanasheria, lakini hesabu ya kutoa najua. Chini ya udongo wetu kuna marumaru na chokaa, na malori ya mawe tumeyaona yakishuka kutoka Kosiroi miaka nenda miaka rudi yakituachia vumbi. Mtu akiomba ardhi kwa muda mrefu kuliko mashine yake inavyoishi, nina haki ya kumuuliza anatafuta upepo au anatafuta kilicho chini.

Katika rasimu hiyo hiyo sijaona mstari mmoja unaosema nani ataing'oa mitambo ikizeeka. Mnara mmoja wa siku hizi una kitako cha zege na nondo kinachozama ardhini mita kadhaa. Chuma cha mnara mtu atakinunua kama chakavu, sawa. Yale mapangaboi yanayozungushwa na upepo je? Ni nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa gundi, huwezi kuyayeyusha kama sufuria. Nchi zilizotutangulia zinalazimisha kampuni kuweka pesa ya kubomolea mapema, kabla haijatimua. Sisi tunaachiwa mabaki.

Sheria haikutusahau, ndiyo inayonikera zaidi. Katiba ya 1995, ibara ya 237, inasema ardhi ya Uganda ni ya raia wa Uganda, na ardhi ya kimila imetajwa humo pamoja na mailo (umiliki wa kudumu wa kule Buganda), milki huru na ya kukodi. Ibara ya 26 inasema hakuna kuchukua mali ya mtu kabla hajalipwa fidia ya haki, na kwa wakati. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu ililipigilia msumari jambo hili hili katika kesi ya ardhi ya barabara: serikali yenyewe haiwezi kuingia kwanza na kulipa baadaye. Sasa kama serikali haiwezi, kampuni inapata wapi ubavu wa kupanda bikoni? Sheria ya Ardhi ya 1998 inaturuhusu kuunda jumuiya ya ardhi, kuisajili, kuchagua kamati na kusimamia malisho yetu kwa pamoja. Hiyo ndiyo wangeongea nayo. Badala yake walizungumza na watu wachache wenye simu kubwa pale mjini, wakawapeleka hotelini, wakarudi wakisema wamekutana na viongozi wa jamii.

Kuna wanaosema hapa kijijini kwamba mapangaboi yatafukuza mvua. Mimi sisemi hivyo, na ninawaomba wenzangu tuliache, maana kampuni inalipenda sana neno hilo. Wakilisikia tu wanaandika "jamii ina imani potofu, elimu inahitajika" na yale maswali ya miaka 49 yanafukiwa papo hapo. Kelele na kivuli ni jambo la kweli: jua likiwa chini, kivuli cha pangaboi kinakatiza nyumba zilizo karibu, kinawaka na kuzima mfululizo, na dawa yake inajulikana, ni kuweka minara mbali na makazi. Umbali gani? Ripoti inasema "umbali unaofaa". Kwa nani? Tai nao tunao, na milima yetu ndiyo njia yao. Huko Kajiado, Kenya, kwenye mradi wa Kipeto wa megawati 100, wameweka watu wa kutazama tai ili mtambo usimamishwe ndege anapokaribia. Kwetu wameandika aya moja.

Na maadamu nimeitaja Kenya, hatuna kisingizio cha kusema hatukujua. Vuka mpaka tu, ni majirani zetu wafugaji kama sisi. Mradi wa Ziwa Turkana kule Marsabit una mitambo 365, megawati 310, na ulipewa ekari 150,000 ilhali mitambo yenyewe na barabara zake vinakalia kipande kidogo tu cha hiyo ardhi. Wananchi walikwenda mahakamani 2014. Oktoba 2021, mahakama ya mazingira na ardhi iliyoketi Meru ikasema hati za ardhi hiyo zilipatikana bila kufuata sheria. Miaka saba ya kesi! Wakati hukumu inasomwa mapangaboi yalikuwa yanazunguka siku nyingi. Halafu kuna Kinangop, mradi wa megawati 60.8. Huko wakulima walikataa, wakaandamana, damu ikamwagika 2015, na mwaka uliofuata wawekezaji wakafunga virago. Kampuni ilipata hasara, wananchi walipoteza mtu, nani alifaidi? Na kule Kipeto nilikokutaja, wenye ardhi waliikodisha wenyewe, ardhi ikabaki kwa majina yao. Kwa hiyo msiniambie haiwezekani.

Najua atatokea mtu hapa aandike: "nyie watu wa Karamoja mko gizani halafu mnakataa umeme." Ndugu yangu, laini kubwa ya kilovolti 132 inatoka Opuyo kule Soroti mpaka Moroto. Chini yake kuna manyatta zinazowasha kuni. Bwawa la Karuma lenye megawati 600 lilizinduliwa 2024, Isimba ina 183, Bujagali 250. Nchi ina umeme mwingi kwenye mabwawa kuliko inavyoweza kuufikisha kwa watu. Kinachokosekana ni nguzo, transfoma, waya wa kuingia nyumbani na pesa ya kuunganishiwa. Mtambo juu ya kilima changu hauniletei hata kimoja kati ya hivyo. Umeme wake unaingia kwenye gridi unakwenda zake. Nimeuliza mkutanoni vijiji vinavyozunguka mradi vitaunganishwa lini, nikajibiwa hilo ni suala la mamlaka nyingine. Sawa, basi msitumie giza letu kama tangazo lenu.

Tena kuna hili la upepo wenyewe. Sera ya serikali ya nishati jadidifu ya 2007 ilisema upepo wa Uganda kwa wastani ni kama mita 3 kwa sekunde, wa kufaa kusukuma maji na shughuli ndogo ndogo, Karamoja ikiwa na nafuu kidogo. Mtambo mkubwa kwa mwendo huo ndiyo kwanza unajaribu kuzunguka. Na tofauti ndogo ni kubwa: upepo ukiongezeka mara mbili, nguvu yake inaongezeka mara nane. Kwa hiyo vipimo vya ule mlingoti uliomuua ng'ombe wa jirani ndiyo roho ya mradi mzima. Tumeviomba. Tukaambiwa ni siri ya biashara. Upepo unapita juu ya paa langu, nyaya ziko kwenye malisho yangu, namba ni siri yao! Wakishindwa kuzalisha walichoahidi, mkataba wa kununua umeme utamlinda nani? Muulizeni Mkenya aliyelipia umeme wa Turkana kipindi mitambo imekwisha kujengwa na laini ya kuutoa umeme haijaisha.

Mimi sikatai upepo. Nakataa sahihi yangu kuibwa. Tunachotaka ni hiki: ile karatasi ya nauli iondolewe kwenye faili. Mkutano uitishwe upya mvua zikiwa zimeanza na wachungaji wako nyumbani, kwa lugha yetu ya Ng'akarimojong, rasimu ya mkataba isomwe neno kwa neno na si kwa muhtasari. Akina mama wawe na kauli, kwa sababu sheria inataka ridhaa ya mke kwenye ardhi ya familia na hapa mpaka leo wanaulizwa wanaume tu. Bikoni za akiriket zing'olewe, na zing'olewe na waliozipanda. Vijana wetu tumewazuia kwa shida wasizing'oe, maana tunajua zikiguswa tu watakuja askari, na habari itakayotoka magazetini itakuwa ni Wakaramoja wana vurugu. Na jirani alipwe ng'ombe wake.

Mwenyekiti wa LC3 (baraza la gombolola) ameniambia nisiandike mitandaoni, nitachafua jina la gombolola. Nimemheshimu, ni mzee wangu, ndiyo maana sikuitaja gombolola.

Sasa naomba msaada wenu, hasa mlio Kampala na mnaojua hizi ofisi. Kwa sheria ya mazingira ya 2019 ripoti ya athari ni ya umma, lakini hapa wilayani tumeonyeshwa tu, tukakatazwa hata kupiga picha. Nani anajua namna ya kuomba nakala kamili NEMA, mamlaka ya mazingira, na je, inalipiwa? Pili, pingamizi dhidi ya leseni ya kuzalisha umeme linapelekwa vipi kwa mamlaka ya kudhibiti umeme, ERA: barua ya mtu mmoja inatosha au lazima tuwe jumuiya iliyosajiliwa? Tatu, kama kuna wakili aliyewahi kushika kesi ya ardhi ya kimila na anaweza kuja Moroto, nauli na mahali pa kulala tutachanga. Aje tu na karatasi zake, za kwetu tumekwisha zikusanya, pamoja na waliokuwa mkutanoni siku ile na wako tayari kuapa walichosaini.