Naombeni ushauri: askari wa parachuti wanaweza kuteka ngome ya zege usiku?

KalamuKavu: Wakuu, habari za muda huu. Nina jambo linaninyima usingizi. Naandika riwaya ya Vita Kuu ya Pili. Sura ya tano, shujaa wangu na wenzake 500 wanaruka kwa parachuti usiku wa manane, wanatua juu ya paa la ngome ya zege na kuiteka kabla hakujapambazuka. Mhariri ameirudisha na neno moja pembeni: "Haiwezekani." Ni kweli, au ananionea tu? Matusi sihitaji.

Sina Presha: Watu 500 kwenye paa moja, gizani, kila mtu na kamba zake. Adui wala hahitaji risasi. Anasubiri kupambazuke aje kuwafungua mafundo 😂

Babu Kombora: Kijana, mimi nimeruka. Ukishatoka mlangoni, upepo ndio mkubwa wako. Tulilenga katikati ya uwanja mpana, mchana kweupe, nikaishia mtaroni, kifundo cha mguu kikavimba hadi kiatu kikakatwa kwa kisu. Mwenzangu alitua vizuri, ila parachuti ikajaa upepo ikamburuta kifudifudi mpaka tulipoikalia. Na hapo hakuna aliyekuwa anatupiga risasi.

Dada Maktaba: Ngome gani? Ya kubuni au ya kweli?

KalamuKavu: Ngome tu, dada. Ya zege, ina mizinga. Jina si muhimu kwa sasa.

Dada Maktaba: Ni muhimu. Kama umeibuni, jenga paa lako upendavyo. Kama ina jina, kuna watu wameisoma.

KalamuKavu: Haya. Eben-Emael, Ubelgiji, Mei 1940.

Mzee wa Mahandaki: Basi mhariri wako yuko sawa. Alfajiri ile ya tarehe 10 hakuna aliyeshuka juu ya ngome ile kwa parachuti. Wajerumani walikuja na glaida, ndege zisizo na injini, zikivutwa kwa kamba na ndege za mizigo za Ju 52, kisha zikaachiwa zikiwa bado mbali na ngome ili ngurumo isiwaamshe Wabelgiji. Ziliondoka 11, zikatua 9. Kikosi kizima hakikufika watu 90, wakati ndani ya ngome kulikuwa na mamia.

Kwa nini si parachuti? Jibu kashakupa Babu Kombora: wangetawanyika. Halafu askari wa parachuti wa Kijerumani enzi hizo alishuka na bastola tu, bunduki yake ikidondoshwa pembeni kwenye kasha. Ndani ya glaida kundi zima linashuka pamoja, silaha mkononi. Ubao wa kutelezea chini ya glaida waliuzungushia seng'enge, ing'ang'anie ardhi isimame mapema.

Siri kubwa ilikuwa baruti. Bonge la kilo 50, vipande viwili, watu wawili wa kubeba, na chini yake limebonyea ili nguvu yote ichome sehemu moja. Unaliweka juu ya kuba la chuma linalokinga mizinga, unawasha, unakimbia. Pamoja na hayo, kuna makundi yaliyopoteza muda kwenye makuba ya bandia upande wa kaskazini. Na ngome ilisalimu amri kesho yake, tarehe 11. Kwa hiyo hiyo "kabla hakujapambazuka" nayo ifute.

Mpenda Amani: Ndugu zangu, mnaongelea baruti kana kwamba ni fataki. Mle ndani walikuwamo watoto wa watu. Bora uandike kuhusu upendo.

Sina Presha: Shujaa ampende fundi wa glaida. Tumemaliza.

KalamuKavu: Asante Mzee wa Mahandaki, lakini msomaji wa kawaida hajui glaida. Parachuti inaleta msisimko.

Chipukizi 44: Kama unang'ang'ania usiku na parachuti, nenda Merville, ngome ya mizinga ya Wajerumani huko Normandy, Ufaransa, 6 Juni 1944. Kamanda wa Waingereza, Otway, alitegemea watu zaidi ya 600, wakamwagika kila kona, akaanza kushambulia na 150 hivi. Glaida tatu zilizotakiwa kutua katikati ya mizinga, hakuna iliyotua humo. Wakaiteka hivyo hivyo, kwa hasara kubwa. Ila waliruka mbali, wakaenda kwa miguu.

Dada Maktaba: Au Corregidor, kisiwa chenye ngome huko Ufilipino, 16 Februari 1945. Wamarekani walishuka kwa parachuti juu kabisa ya ngome, wakitua kwenye uwanja wa gwaride na kiwanja cha gofu. Padogo mno, ikabidi kila ndege ipite mara kadhaa ikidondosha wachache wachache. Waliopeperushwa wakaangukia karibu na kamanda wa Wajapani, Kapteni Itagaki, wakamuua mapema kabisa. Riwaya nzima iko hapo. Hamisha tu sura.

KalamuKavu: Haihamishiki. Jalada limeshachorwa, parachuti tele juu ya Eben-Emael. Tena kwa chini limeandikwa "Kisa cha kweli".

Dada Maktaba: Kisa cha NINI?

KalamuKavu: Cha kweli. Vita ilikuwepo, ngome ipo mpaka leo. Shujaa ndiye nimemuongeza. Kila mwandishi anaongeza.

Mzee wa Mahandaki: Shujaa, parachuti, usiku wa manane na watu 400 wa ziada. Kilichobaki cha kweli ni Ubelgiji.

Jicho Pembe: Samahani, mimi nanusa kitu. Hakuna jalada wala mhariri hapa. Huyu kapewa kazi ya darasani, anataka tumfanyie. Anauliza nusu nusu mpaka mtu aandike insha nzima.

Babu Kombora: Nami nimeshtuka. Juu kule ilikuwa ngome tu, sasa ina jalada.

Sina Presha: Na mimi nilishaanza kumpenda fundi wa glaida.

KalamuKavu: Mnanivunjia heshima. Kipande hiki hapa: "Nilitua kwa magoti juu ya zege baridi, nyota zikinitazama, ngome yote ikilala chini yangu." Mwanafunzi anaandika hivyo?

Jicho Pembe: Wengi tu.

Mzee wa Mahandaki: Zege baridi lipi? Juu pale palikuwa majani. Askari wa ngome walipachezea mpira, na hawakuwa wametega mabomu ya ardhini. Ndiyo maana glaida zilipata pa kutua.

Dada Maktaba: Mwandishi au mwanafunzi, dawa ni ile ile: futa "Kisa cha kweli", ubadilishe jina la ngome.

KalamuKavu: Jina halibadiliki. Ila swali dogo. Hizo glaida mbili ambazo hazikutua, zilipotelea wapi?

Mzee wa Mahandaki: Mojawapo kamba ilikatika ikaangukia shambani Ujerumani. Ndimo alimokuwa kamanda mwenyewe, Luteni Witzig. Sajini Wenzel akaongoza mpaka Witzig alipovutwa upya na kufika baadaye.

KalamuKavu: Safi sana. Basi shujaa wangu alikuwa mle, na kamba ilipokatika akaruka na parachuti.

Mzee wa Mahandaki: Akitua Ujerumani?

KalamuKavu: Upepo, mkuu. Si mmesema wenyewe upepo ndio mkubwa?