Tumelipia sehemu ya pili, tumepewa "yale yalishapita"!

Wakuu, nina hasira hadi simu inatetemeka mkononi. Mnamjua, sina haja ya kumtaja. Yule yule mwandishi wa hadithi za vipande, wa "itaendelea" usiku wa manane watu wakiwa na arosto.

Sehemu ya kwanza alituacha steringi ananing'inia juu ya tenki la mafuta Kurasini, risasi ya bega, mke katekwa, na yule bosi wa magendo ndo kwanza anavua miwani tuione sura yake. Anavua miwani wakuu! Hapo hapo, ITAENDELEA. Akatangaza sehemu ya pili, buku tano, lipa kwanza. Nikalipa. Nikajifungia, ugali ukapoa.

Mstari wa kwanza: "Miaka kumi baadaye." Steringi yuko Bagamoyo anamwagilia mchicha. Bega zima! Mke anamenya viazi, anauliza, "Unamkumbuka yule bosi?" Jamaa anajibu, "Yale yalishapita, mke wangu." MWISHO. Kurasa tatu.

Yalipitia wapi?! Mimi nilikuwa nimesimama pale pale tangu miwani inavuliwa, mbona sijayaona yakipita?

Kisa kikiisha, adui kafa, ukiongeza kurasa mbili kutuonyesha watu wamezeeka salama, hiyo ni tamati, unamsindikiza msomaji mlangoni bure. Sehemu ya pili inataka balaa. Musiba, yule wa riwaya za upelelezi, alipomrudisha mpelelezi wake Willy Gamba kwenye riwaya ya Kikosi cha Kisasi mwaka 1979 alimpeleka Kinshasa kazini, hakumpeleka kwenye mchicha!

mzee_wa_korosho: Pole mkuu. Ila kwa buku tano sokoni ungepata mchicha, nazi na chenji.

Dada Mchokozi: Nimecheka kama mazuri 😂 Mimi niliipenda. Mwanamke anamenya viazi vyake kwa amani, mnateseka nini?

Mleta uzi: Alitoka VIPI kwa watekaji, dada yangu?

Dada Mchokozi: Yale yalishapita, kaka.

Msomi wa Daladala: Hata Harry Potter, kitabu cha mwisho 2007 kinafungwa "miaka 19 baadaye", wazazi wanasindikiza watoto stesheni. Mbona huko hamkuandamana?

Mleta uzi: Huko adui alishakufa kabla ya hiyo stesheni! Na hiyo stesheni ilikuwa ndani ya kitabu hicho hicho! Huyu bosi wa magendo kaachwa anavua MIWANI.

Msomi wa Daladala: Labda bado anazifuta.

kichwa_ngumu: Ninyi afadhali mmepata hata mchicha. Wangu alitupeleka hadi sehemu ya arobaini, akaoa, akapotea na grupu akafuta.

mpwa wa tandale: Njooni kwenye tamthilia za Kituruki muone shida. Kila msimu mpya mtu anapoteza kumbukumbu. Yule wangu kamsahau mkewe mara tatu, huyo huyo mmoja.

Dada Mchokozi: Usiniguse tamthilia zangu! Leo inaanza saa ngapi?

mpwa wa tandale: Saa tatu. Ila huku umeme hakuna tangu mchana.

Mleta uzi: Wakuu turudi kwenye mada basi.

kichwa_ngumu: Mbagala nako giza. Nyama iko kwenye friji, mama watoto kanuna, anasema mimi ndiye niliyesahau kununua luku.

mzee_wa_korosho: Ulisahau?

kichwa_ngumu: Naingia pm.