Mawakala wa domeini, acheni kuwaficha watu bei ya mwaka wa pili!

Wakuu, nimevumilia vya kutosha. Kuna mawakala wa domeini, yaani anwani za tovuti, hapa nchini wanawaumiza wafanyabiashara wadogo mchana kweupe, na wanapona kwa sababu wengi hatujui biashara hii inavyokwenda.

Dada yangu anasaga na kufungasha viungo Muheza: iliki, mdalasini, pilipili manga. Alipotaka tovuti, wakala akamwambia .co.tz imepitwa na wakati, achukue .shop, mwaka wa kwanza ni bei ya sahani ya chipsi kuku. Akalipa. Akachapisha roli nzima ya vibandiko, anwani kwa herufi nyekundu chini ya jina la bidhaa, akabandika kila pakiti. Mwaka ulipoisha tovuti ikazimika. Tukadhani ni mtandao. Wakala alipokuja kupokea simu anataja bei zaidi ya mara kumi ya ile ya mwanzo, na juu yake faini ya kuikomboa domeini. Meseji zote za WhatsApp nimezisoma, risiti ninayo. Hakuna mahali alipotamka kwamba mwaka wa pili bei ni nyingine.

Tukamuuliza, kwa nini hukutukumbusha? Anajibu eti barua pepe zilitumwa. Zilitumwa kwa nani? Alisajili domeini kwa barua pepe YAKE, kwenye akaunti YAKE. Kanuni za ICANN, shirika linalosimamia majina ya domeini duniani, zinamtaka msajili, yaani kampuni ambayo wakala huchukua domeini kwake, amkumbushe mwenye domeini mara mbili kabla haijaisha, yapata mwezi mmoja na yapata wiki moja kabla, na mara nyingine ndani ya siku 5 baada ya kuisha. Vikumbusho vyote hivyo viliishia kwake. Na kanuni hizo hizo zinasema bei ya kulipia upya na bei ya kukomboa ziwekwe wazi kwenye tovuti ya msajili, na msajili ahakikishe zipo hata kwenye tovuti za mawakala wake. Kwa hiyo tusiambiwe "mteja alitakiwa kuuliza". Ni wajibu wa muuzaji kuonyesha.

Sasa kuhusu hivi viishio vipya, yaani herufi za mwisho wa anwani kama .shop. Mwaka 2016 kampuni ya GMO ya Japani ilishinda mnada wa haki ya kuendesha .shop kwa dola milioni 41.5. Hela hiyo lazima irudi. Mwenye kiishio cha namna hii hajawekewa kikomo cha bei kwenye mkataba wake na ICANN; akitaka kupandisha bei ya kulipia upya, anawapa wasajili taarifa siku 180 kabla, basi. Kwa .com mambo ni tofauti, kupanda kwake kuna kikomo mkatabani, na Septemba 2024 bei ambayo Verisign, mwendeshaji wa .com, anawauzia wasajili ilifika dola 10.26 kwa mwaka. Wakala anayajua haya. Punguzo la mwaka wa kwanza silipingi, kila duka lina ofa. Ninachopinga ni kumwonyesha mtu bei moja na kumficha ya pili, huku ukijua keshachapisha vifungashio na hawezi tena kurudi nyuma.

Na wale wa "tafuta ya bure", mmesahau .ga? Vijana wetu wangapi walijenga tovuti juu ya zile domeini za bure za .tk, .ml na .ga? Juni 2023 Gabon ikarudisha .ga, kiishio cha nchi yake, mikononi mwake na mamilioni ya majina yakafutwa.

Kusema .co.tz imepitwa na wakati ni uongo. Iko chini ya TCRA, mamlaka yetu ya mawasiliano; mkizozana na msajili kuna ofisi hapa hapa nchini unaingia na kueleza shida yako kwa Kiswahili. Mteja wa Kariakoo akiiona kwenye pakiti anajua ni biashara ya hapa. Mtu wa viungo Muheza alihitaji nini zaidi? Alishauriwa kwa faida ya mshauri.

Wakala, najua unasoma humu. Domeini ikishafutwa kuna siku 30 za kuikomboa, kisha siku 5 za kusubiri ifutike kabisa, halafu yeyote anaichukua. Siku hizo zinakwenda. Ikomboe kwa hela yako, maana ukumbusho uliupokea wewe, kisha iweke kwenye akaunti ya dada yangu.

Nanyi mliosajiliwa na watu wa aina hii, ingieni lookup.icann.org leo, andika domeini yako, angalia msajili ni nani na inaisha lini. Jina la mwenye mali mara nyingi limefichwa, kwa hiyo mbane wakala akuonyeshe akaunti yenyewe. Ukikuta barua pepe si yako, dai ibadilishwe kabla tarehe haijafika. Wenye kesi kama hii wekeni hapa kiishio mlichouziwa, bei ya kwanza na bei ya pili.