Ukungu kioo cha mbele, na kioo cha nyuma kinafuta nusu

Dereva wa Limuru: Wakuu, baridi hii ya Julai nikibeba watu wanne kioo cha mbele kinajaa ukungu kwa ndani. Hita inatoa hewa vuguvugu tu. Nyuma, waya za kioo zinafuta nusu ya chini pekee. Ni tatizo moja?

Spana 14: Ni mawili. Mbele, zima kwanza kile kitufe chenye mshale unaozunguka ndani ya gari; kikiwaka, mnavuta pumzi zenu zilezile. Elekeza hewa kwenye kioo, ongeza feni, weka joto, kisha washa AC. Ndiyo, vyote pamoja. AC hapo haitafutiwi baridi: hewa ikipita kwenye evapoleta, ile sehemu baridi ya AC, huacha unyevu wake, unaodondoka chini ya gari, ndipo hita inaipasha ikiwa kavu.

Hewa ya hita kuwa vuguvugu, nashuku thamostati, ile vali inayozuia maji yasiende kwenye rejeta hadi injini ipate moto. Gari likichemsha, mafundi wengi huing'oa na kusema kazi imeisha. Maji huzunguka rejeta muda wote, injini haipati joto lake, na petroli inaliwa zaidi. Washa injini ikiwa baridi, shika mpira wa juu wa rejeta. Mpira ukipata joto polepole tangu mwanzo, thamostati haipo au imekwama wazi. Nzima huuacha mpira baridi kwa dakika kadhaa, kisha unakuwa moto ghafla.

Ukisikia harufu tamu na kioo kina utelezi wa mafuta, rejeta ndogo ya hita inavuja. Hapo AC haitakusaidia.

Fundi Waya: Nyuma, fyuzi na rilei ni nzima, maana chini kunafuta. Mistari hupata umeme kila mmoja peke yake, hivyo mmoja ukikatika hubaki ufito mmoja tu wa ukungu. Nusu nzima ikifa, kagua ule mkanda wa wima pembeni unaogawia mistari umeme. Swichi ikiwa imewashwa, voltimita ukiipitisha kwenye mstari usiokatika husoma kama volti 12 upande mmoja, 6 katikati, karibu 0 upande wa pili. Inaporuka ghafla ndipo palipokatika. Ziba kwa rangi ya fedha inayopitisha umeme, iache ikauke siku nzima. Na stika za kioo hicho msikwangue kwa wembe, mtakata mistari!

Dereva wa Limuru: Nikienda Kirinyaga Road, Nairobi, kununua spea, niulize thamostati ya digrii ngapi?

Spana 14: Ile ya injini yako, nyingi za Toyota ni 82 au 88, imegongwa kwenye chuma. Kishimo cha kutolea hewa kikae juu. Badilisha na kifuniko cha rejeta, kinachoshikilia presha, kama mpira wake wa kuziba umechoka: Nairobi maji yasiyo na presha huchemka kwenye digrii 94 hivi.