Tupeane uzoefu: chakula cha kutuliza mwili na moyo ulichoagiza kutoka mgahawa wa jirani

Mleta mada (Kimara, Dar es Salaam)
Wadau, naomba tupeane uzoefu kuhusu chakula ambacho mtu hukiagiza si kwa njaa peke yake, bali kwa kuwa mwili umechoka au moyo umeelemewa, naye anatamani kile alichokizoea tangu utotoni. Naanza mimi. Mwezi uliopita nililazwa kitandani na malaria kwa siku tatu, kila nilichojaribu kula kikanishinda, hadi nilipokumbuka mtori: ndizi zilizochemshwa na nyama ya mifupa, kisha zikapondwa mpaka zikawa nzito, ambao kwetu Moshi mama aliyetoka kujifungua hupewa ili arudishe nguvu. Nikampigia mama mmoja mwenye mgahawa karibu na kituo cha daladala, nikalipa kwa simu pamoja na nauli ya bodaboda. Ulifika baada ya saa moja na nusu, umepoa na kuganda mithili ya uji wa jana. Sehemu ya kosa ilikuwa yangu, kwa kuwa sikumwelekeza dereva vizuri. Nyumba yetu ilibandikwa namba wakati wa operesheni ya anwani za makazi ya mwaka 2022, lakini dereva hakuiuliza namba hiyo. Alitaka kujua niko upande gani wa mwembe. Niliuongeza maji kidogo, nikaupasha moto, nikaunywa wote. Je, ninyi yamewakuta yapi?

Mchangiaji (Tabata)
Pole kwa maradhi, ndugu yangu. Mimi ni mzaliwa wa Unguja, na siku nilipopata habari za msiba nikashindwa kusafiri, kitu pekee nilichokitamani kilikuwa urojo. Niliuagiza, ukaletwa vyote vimemwagwa ndani ya kopo moja: bhajia zimevimba kama sifongo, na muhogo wa kukaanga, ambao unapaswa kulia mdomoni, umelegea kabisa. Nilitoa machozi, na sikujua kama yalikuwa ya msiba au ya muhogo. Utamu wa urojo ni kuchanganywa dakika ile ile ya kula, yaani rojo la manjano lenye ukali wa embe bichi au ukwaju limiminwe juu ya viazi, bhajia na kachori, ndipo muhogo unyunyizwe. Tangu siku hiyo ninaomba rojo liwekwe peke yake kwenye chombo chenye kifuniko, vikavu vifungwe kwenye karatasi, na chatini ya nazi iwe mbali na pilipili. Mara ya kwanza mwenye mgahawa aliniuliza, “Dada, unataka kufungua genge?” Siku hizi anavitenga bila kukumbushwa. Chipsi mayai nazo ni hivyo hivyo: zikifunikwa zikiwa za moto, mvuke huzilainisha kabla hazijafika barabara kuu.

Mchangiaji (Morogoro)
Supu ya makongoro usiiagize baada ya saa nne asubuhi. Kinachobaki sufuriani ni maji na mifupa.

Mchangiaji (dereva wa bodaboda, Sinza)
Naomba nami nisikilizwe, maana lawama zote hutuangukia sisi. Kabla mifuko ya plastiki haijapigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, tulikuwa tukifungiwa supu kwenye nailoni, ikatiwa ndani ya rambo, nasi tukaining’iniza kwenye usukani. Sasa tunapewa makopo ambayo vifuniko vyake havikazi, na tuta moja tu linatosha kumwaga nusu ya supu ya mtu. Yupo mzee mmoja ambaye hupeleka hotipoti yake kwa mama lishe tangu jioni, asubuhi anapakuliwa humo humo, nami naifunga kwa mpira nyuma ya kiti. Hajawahi kunifokea. Wengine hunifokea kila wiki, kisha hurudi kuniagiza tena.

Mchangiaji (Mombasa)
Kwetu taabu ni nauli. Mbaazi za nazi na mahamri manne bei yake ni ndogo kuliko ya boda anayevileta, kwa hiyo majirani wa ghorofa yetu tumekubaliana kuagiza pamoja kila Jumapili, na mmoja wetu hushuka kuvipokea. Ubaya ni kwamba anayeshuka ndiye anayechagua mahamri yaliyofura vizuri.

Mleta mada
Nimefuata ushauri wa dereva. Jana nilipeleka hotipoti mwenyewe, jioni mtori ukaja unatoa moshi. Mama wa mgahawa alipiga simu kuhakikisha umefika, akanipongeza, kisha akauliza mke wangu amejifungua mtoto gani. Sijaoa.